Wagonjwa wa selimundu wasibebeshwe lawama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba tiba ya kisasa inavuruga kazi ya uteuzi asilia, yaani jinsi mazingira yanavyowachuja viumbe, wanaoyamudu wakiacha watoto wengi zaidi, kwa kuwa inawaokoa watoto ambao zamani wangekufa, nao wakishakua huzaa na kurithisha udhaifu wao, na kwamba afadhali uteuzi huo uachiwe nafasi. Mfano alioutoa ni wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nimefundisha Biolojia katika shule za sekondari mkoani Tanga kwa miaka mingi, na karibu kila mwaka tulipofika kwenye mada ya urithi alitokea mwanafunzi wa kuniuliza swali hilohilo, kwa hiyo simlaumu kwa kuuliza. Tatizo langu ni mfano wenyewe, kwani sidhani kama upo ugonjwa unaoivunja hoja yake waziwazi kuliko huo aliouchagua.

Jeni ya selimundu haikuenezwa na madaktari. Ilikuwa imeenea katika nchi za malaria karne nyingi kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa huku kwetu, na kilichoieneza ni huo huo uteuzi asilia anaotutaka tuuachie nafasi. Aliyelithibitisha jambo hilo ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Takwimu zake za wilaya ya Musoma, alizozichapisha mwaka 1956, nilikuwa nikiziandika ubaoni bila kutazama daftari. Kati ya watoto wachanga 287 aliowapima, 189 hawakuwa na jeni hiyo kabisa, 89 walikuwa wameirithi kwa mzazi mmoja (hawa huitwa wabebaji), na 9 waliirithi kwa wazazi wote wawili, maana yake walikuwa wagonjwa. Alipopima watu wazima 654, wasio nayo walikuwa 400, wabebaji 249, na wagonjwa 5 tu. Kwa hiyo katika kila wachanga 100 wabebaji walikuwa 31, lakini katika kila watu wazima 100 walikuwa 38. Wagonjwa walikuwa wamekufa wadogo, hilo linajulikana. Lakini hata wale waliozaliwa na damu tunayoiita nzuri walikuwa wamepunguzwa njiani na malaria, wengi wao bila shaka kwa kile ambacho wazazi wetu walikiita degedege na kukitafutia mganga.

Ukizitazama namba hizo vizuri, utaona pia kwamba pendekezo la kuwaacha wagonjwa wafe haliwezi kutimiza hata hilo analolikusudia mwandishi. Kila mbebaji ana nakala moja ya jeni hiyo na kila mgonjwa ana mbili, kwa hiyo miongoni mwa watu wazima wa Musoma kulikuwa na nakala 259, na 249 kati ya hizo zilikuwa ndani ya watu wazima wa afya, wanaolima, wanaovua na kulea watoto bila kujua kuwa wanazo. Hata kwa wachanga, ambao wagonjwa wao walikuwa bado hai, nakala 89 kati ya 107 zilikuwa kwa wabebaji. Isitoshe, jaribio la kuwaacha wafe lilikwishafanyika, tena kwa karne nyingi, kwa sababu hapakuwa na tiba, na jeni haikuondoka.

Nakubaliana naye katika jambo moja. Tiba kweli inabadilisha hesabu ya nani anaishi na nani anazaa. Mtoto wa selimundu anayepata penisilini ya kumkinga, dawa za malaria, na siku hizi haidroksiyurea, ambayo huufanya mwili utengeneze kwa wingi zaidi himoglobini (protini inayobeba oksijeni katika damu) ya aina aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake, ana nafasi ya kufika utu uzima ambayo wenzake wa mwaka 1956 hawakuwa nayo. Lakini msomaji mwenzangu amehesabu upande mmoja wa mizani. Chandarua chenye dawa, ambacho nacho ni matunda ya utafiti wa kisasa, kinaipunguza malaria, na malaria ikipungua mbebaji hana tena anachomzidi jirani yake. Huko Marekani, ambako malaria ilikwisha, watu wapatao 8 katika kila 100 wenye asili ya Afrika ni wabebaji, wakati Afrika Magharibi, walikotoka wengi wa mababu zao, wabebaji huweza kuzidi 20 katika 100. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kuchanganyika kwa damu, lakini sehemu nyingine inatarajiwa kabisa pale ambapo mbu amekoma kuipendelea jeni hiyo. Kwa maneno mengine, jeni iliyokuwa ngao Musoma ni mzigo mtupu Chicago. Uteuzi asilia haujui uimara wala udhaifu. Unajua tu nani ameacha watoto wengi zaidi katika mazingira yaliyopo, na mazingira yakibadilika nao hubadilika.

Mwandishi amemtaja Darwin, mwanasayansi Mwingereza aliyeieleza nadharia ya uteuzi asilia, ila amemkatisha njiani. Ni kweli kwamba mwaka 1871 Darwin aliandika kuwa chanjo ya ndui imewaokoa maelfu ambao miili yao isingestahimili ugonjwa huo. Muda mfupi baada ya maneno hayo, aliandika kwamba kuwatelekeza wanyonge kwa makusudi kungekuwa ni kujitwika uovu mkubwa wa hakika kwa kutarajia faida isiyo na uhakika. Walioishia kwenye nusu ya kwanza tunawafahamu. Mwaka 1933 Ujerumani ilitunga sheria ambayo kwayo watu wapatao 400,000 walifungwa uzazi, na mwaka huohuo, mjini Nairobi, walowezi na madaktari wa kizungu waliunda chama chao cha kuchunguza uboreshaji wa mbari, ambacho baadhi ya wanachama wake walidai kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni. Sidhani kama msomaji mwenzangu angepewa kiti katika chama hicho.

Kama kweli anataka kuuona uteuzi asilia ukifanya kazi, na ukichochewa na tiba, asiwatazame watoto wanaolia kwa maumivu ya viungo. Kizazi cha binadamu huchukua miaka 25 hivi, na tangu Allison alipokwenda Musoma hatujapata hata vizazi vitatu kamili. Vimelea vya malaria huzaana kwa siku. Tuliizoea klorokwini mpaka ikafika mahali tukasema malaria haisikii dawa, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha. Dawa iliyoishika nafasi yake haikudumu, na mwaka 2006 tukaingia kwenye dawa mseto. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, na haikuchukua hata miaka kumi vimelea sugu vikawa vimezidiwa na vile vinavyoisikia, kwa kuwa usugu ulikuwa faida pale tu dawa ilipokuwepo. Sasa vimelea vinavyochelewa kusikia artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, vimethibitika Rwanda, na vyenye badiliko la jeni lilelile linaloleta usugu huo vimeonekana kwetu Kagera.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye duka la dawa hapa Muheza, akaingia bwana mmoja kumuulizia mwanawe panado. Katika mazungumzo alituambia kwa fahari kwamba dawa mseto hanunui tena, kwa sababu mara ya mwisho alipougua alipewa vidonge 24, akameza 12, akapata nafuu, na 12 vilivyobaki amevihifadhi kabatini kwa ajili ya homa ijayo. Muuzaji alimweleza kwa upole kwamba dozi ni siku tatu kamili, hata kama homa imeshuka. Yule bwana akacheka, akasema mwili wake ni imara, nusu dozi inamtosha.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga.