Jumamosi: nyumba za vijiti na feni

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Jumamosi saa 3 asubuhi watoto wanaendelea na nyumba zao za mfano. Kila mtoto aje na vijiti vya mishikaki, boksi gumu na uzi. Feni na gundi naleta mimi.

Wiki iliyopita mapaa mengi yaling'oka feni ikiwa namba mbili tu. Binti mmoja akaweka kijiti cha mshazari kila ukutani, maana pembetatu haipindi kama mraba, kisha akafunga paa kwa uzi mpaka kwenye msingi. Namba tatu, halikung'oka! Nilifurahi mno.

Hapa Mafia kimbunga Hidaya tulikiona Mei 2024, watoto wanajua wanachojengea. Nawaomba msiwatengenezee nyumbani, waacheni wakosee wenyewe.