Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu wa meli zenye masikio

Ndugu wanachama, habari za siku nyingi. Ripoti imechelewa, mweka hazina alikuwa safari na mimi bila daftari lake siwezi kusimama mbele yenu. Hela ipo, kidogo, wanaodaiwa ada wanajijua.

Mlichagua wenyewe mwaka huu tusome meli za ujasusi, nami nakiri nilipinga, nikajua tutaishia kupiga stori za sinema tu. Kumbe! Ile jioni ya USS Pueblo watu waligoma kutoka ukumbini. Kimeli cha mizigo cha mwaka 1944, Wamarekani wakakijaza mitambo ya kunasa mawimbi ya redio na rada wakakipeleka pwani ya Korea Kaskazini, silaha ni mashinegani mbili zimefunikwa maturubai yaliyoganda barafu, na makaratasi ya siri kibao hata kuyachoma yote hawakuwahi. 23 Januari 1968 wakazingirwa, mmoja akafa, 82 wakashikiliwa miezi 11, na meli mpaka leo iko Pyongyang wageni wanaingizwa kuitazama. Mwaka uliotangulia, 1967, USS Liberty, nayo meli ya ujasusi ya Wamarekani, ilipigwa na Israel karibu na Sinai, wakafa 34. Masikio makubwa, mikono ya kujitetea hakuna, ndo ubishi wetu wa mwaka mzima huo.

Halafu Liman ya Urusi jamani. Aprili 2017, ukungu Bahari Nyeusi karibu na mlango wa bahari wa Bosphorus kule Uturuki, meli ambayo kazi yake ni kusikiliza wenzake ikagongana na meli ya kondoo, ikazama yenyewe, ile ya kondoo ikabaki inaelea. Watu wote 78 waliokolewa, ndo maana tulicheka bila dhambi.

Kuna waliosema satelaiti zimeshazimaliza hizi meli. Mimi bado nakataa, satelaiti nyingi zinapita zinaenda zao, meli inakaa nje ya maili 12 za mwenye nchi wiki nzima inasikiliza na sheria haina la kuifanya. Tena Yantar, meli nyingine ya Urusi, haiishii kusikiliza, ina nyambizi ndogo za kushuka hadi mita 6,000, huko ambako kebo za intaneti zimelala, na sisi tangu SEACOM, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, itue pwani ya Afrika Mashariki 2009 nasi tumo kwenye hizo kebo.

Kwa hiyo mwakani napendekeza kebo, tutapiga kura. Njooni mmeshakula, chai ya ukumbini imepanda bei.