Shangazi, palla anikabidhi nani: mama au baba mkubwa?

Kwako Shangazi,

Mimi ni Kalasinga, mzaliwa wa Kisumu, na ninaolewa Desemba hii. Jamaa wa Birmingham na Toronto wameshakata tiketi. Mchumba wangu sina neno naye. Kinachonisumbua ni jambo la dakika moja tu ndani ya gurdwara, hekalu letu, nalo limetugawanya nyumbani.

Katika ndoa yetu, Anand Karaj, maharusi huketi sakafuni mbele ya Guru Granth Sahib, kitabu chetu kitakatifu. Baada ya dua, baba wa bi harusi huchukua ncha ya palla, ule mtandio mrefu ulioning'inia begani kwa bwana harusi, akaiweka mkononi mwa binti yake. Waimbaji huimba shabad fupi, yaani wimbo mtakatifu, "Palle taindai laagi", na hapo hata wanaume wenye ndevu nyeupe hufuta machozi. Kisha husomwa laavan, beti nne alizotunga Guru Ram Das, Guru (kiongozi wa dini) wetu wa nne. Kwa kila ubeti maharusi hukizunguka kitabu mara moja, mume mbele, mke nyuma, palla bado mkononi. Wakimaliza mzunguko wa nne, wameoana.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tatu. Mama alibaki na duka la vifaa vya ujenzi, deni la benki, mimi, na mdogo wangu wa kiume ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Amekata mabati, amepima misumari kwa kilo, amezozana na madereva wa malori ya saruji, na karo yetu haikuchelewa hata muhula mmoja. Nilipoposwa nilisema wazi kwamba palla atanipa mama.

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, amekataa katakata. Anasema kazi hiyo ni ya mwanamume wa ukoo, na kwa kuwa baba hayupo, ni yake yeye. Mama akiigusa palla, hatasimama kwenye milni, pale mlangoni wazee wa pande mbili wanapovishana mashada ya maua na kukumbatiana. Si mtu mbaya, Shangazi. Baba alipofariki alilala kwetu mpaka matanga yakaisha, na mpaka leo hupita dukani kuuliza hali. Naamini anaona kwamba anamtimizia ndugu yake wajibu.

Mkewe ndiye aliyevuka mpaka. Amesema mama, kwa kuwa ni mjane, asiwe wa kwanza kunipaka vatna, ile singo ya manjano, unga na mafuta ya haradali tunayosingwa kabla ya harusi, eti ni mkosi. Hilo limeniuma kuliko yote. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yetu, aliuliza vipi aitwe duni yule anayezaa wafalme. Guru Amar Das, Guru wa tatu, alikemea desturi ya wajane kuchomwa pamoja na maiti za waume zao. Mkosi huo umeingilia wapi?

Nilimwendea granthi, msomaji wa kitabu chetu gurdwarani. Akanionyesha Rehat Maryada, mwongozo wetu ulioidhinishwa mwaka 1945, unaosema palla itolewe na baba wa binti au jamaa yake mkuu. Mimi nina jamaa gani mkuu kuliko mama? Granthi hakupinga, ila alituomba tuelewane nyumbani kwanza, pasitokee mvutano mbele ya Guru Granth Sahib. Wakwe nao wamesema hayo ni ya kwetu.

Ugumu ni kwamba mama mwenyewe ananiambia niache. "Mpe mzee heshima yake, puttar, mwanangu. Mimi nitakuona nikiwa nimekaa." Lakini kitambaa cha palla, cha rangi ya waridi, amekinunua yeye, na anakishona lesi kwa mkono pale dukani wateja wakipungua. Nilimuuliza mbona hampi fundi. Akasema mafundi wana haraka.

Mdogo wangu anapendekeza waishike wote wawili. Mimi silipendi wazo hilo. Naona ni kama mama anahitaji msindikizaji kwenye nafasi yake mwenyewe.

Naomba ushauri wako na wa wasomaji waliopitia haya, hata kama ni wa dini nyingine. Nikishikilia msimamo, nitakuwa namtetea mama au namlazimisha? Na nani azungumze na baba mkubwa? Kwetu binti hajibizani na mzee. Yupo mjomba, ndugu wa mama, atakayenivisha chooda, zile bangili nyekundu na nyeupe, lakini nahofia ataambiwa anaingilia ukoo usio wake.

Kadi zinakwenda kwa mpiga chapa mwisho wa mwezi huu, na baba mkubwa ameshaagiza jina lake liandikwe kuwa ndiye anayealika. Mama hajasema kitu. Tafadhali nijibu kabla ya hapo.

Bi harusi mtarajiwa,
Kisumu