Historia ya Harrogate haikuandikwa na matajiri peke yao

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu kuhusu makala ya safari mliyoichapa hivi karibuni, iliyoueleza mji wa Harrogate, kaskazini mwa Uingereza, kuwa ni mahali ambapo matajiri na watu wa koo za kifalme walikwenda kunywa maji ya chemchemi na kuoga. Picha zilikuwa nzuri na sikuona tarehe iliyokosewa. Hata hivyo, mimi naishi katika mji huo, na kila siku ninapokwenda kazini nakatisha kwa miguu uwanda mpana wa nyasi unaoitwa Stray, ambao mwandishi wenu aliutaja kwa sentensi moja tu na kuuita bustani ya mji. Stray si bustani. Ni ardhi ya wazi yenye ukubwa wa ekari 200, isiyo na uzio wala lango, na bila kuifahamu ilivyopatikana mtu hawezi kuielewa Harrogate, hata akiyajua majina ya malkia wote waliowahi kulala katika hoteli zake.

Makala ilianza vizuri, mwaka 1571, pale William Slingsby, bwana mmoja aliyekuwa amesafiri Ulaya, alipoonja maji ya kisima cha Tewit na kuona kwamba yanafanana na yale ya mji wa Spa, ulioko Ubelgiji ya leo. Daktari Timothy Bright akaanza kuiita chemchemi hiyo Spa ya Uingereza, na mwaka 1626 daktari mwingine, Edmund Deane, akatoa kitabu kizima kuyasifu maji hayo. Wakati huo hapakuwa na mji wa kuzungumziwa. Palikuwa na vijiji viwili vilivyotawanyika ndani ya msitu wa kifalme wa Knaresborough, kimoja mwinukoni ambako maji yana chuma, na kingine bondeni ambako maji yana salfa na chumvi, na yananuka kama yai viza. Harufu hiyo haijaondoka hata sasa, na mgeni huisikia kabla hajakiona kisima chenyewe.

Jambo ambalo makala yenu iliruka ni lile lililotokea karne mbili baada ya Slingsby. Katika karne ya 18 ardhi za malisho ya pamoja zilikuwa zikigawanywa kote Uingereza kwa sheria za Bunge, zikawekewa ua na kumilikishwa watu binafsi, na mkulima mdogo aliyezoea kuchunga ng'ombe wake mahali fulani akajikuta hana haki ya kupita hapo. Msitu wa Knaresborough nao ukafikiwa na zamu yake mwaka 1770. Lakini visima vilikuwa vimekwisha kuwa riziki ya watu wengi, na ilionekana wazi kwamba kisima kikiangukia ndani ya ua wa mtu mmoja, riziki hiyo itakuwa yake yeye. Kwa hiyo sheria ikaagiza kwamba ekari 200 zinazovizunguka na kuviunganisha visima zisigawiwe mtu, na hati ya mgawanyo iliyokamilishwa mwaka 1778 ikaeleza kwamba ardhi hiyo, ambayo ndiyo Stray ya leo, itabaki wazi daima, na kwamba watu wote, wawe nani, watakuwa na uhuru wa kufika kwenye chemchemi wakati wowote, kunywa maji yake na kutembea juu ya ardhi hiyo bila kulipa chochote.

Namwomba msomaji ayatazame kwa makini maneno hayo ya watu wote. Hayakusema wakazi, wala wenye nyumba, wala walipa kodi. Mimi niliyezaliwa mbali kabisa na Yorkshire, eneo ambamo mji huu umo, nimo ndani ya maneno hayo sawasawa na mtu ambaye babu zake wamezikwa hapo. Waswahili tunasema mali bila daftari huisha bila habari; watu wa Harrogate walikuwa na daftari, na haikupita miaka 60 kabla halijahitajika.

Mwezi Desemba 1835 iligundulika kwamba Joseph Thackwray, mwenye hoteli ya Crown, alikuwa akichimba kisima ndani ya eneo lake, hatua chache tu kutoka kwenye Kisima cha Kale cha salfa, ambacho ndicho kilichowavuta wageni wengi bondeni. Hofu iliyowapata watu ilikuwa rahisi kueleweka: maji ya ardhini hayajui mpaka wa kiwanja, na mtu akichimba kwa kina kando ya chemchemi ya umma anaweza kuihamishia nyumbani kwake bila kugusa jiwe lake hata moja. Wenzake, ambao miongoni mwao walikuwamo wenye hoteli walioshindana naye kwa wateja, walimpeleka mahakamani, na kesi ikasikilizwa York mwaka 1837 na kumalizika kwa maafikiano. Najua mtu anaweza kusema kwamba wale walikuwa wafanyabiashara waliogombea faida, wala siwezi kukana kwamba faida ilikuwamo. Lakini hoja waliyoisimamia ilikuwa haki ya umma iliyoandikwa mwaka 1778, na bila hoja hiyo wasingekuwa na la kusema, kwa sababu Thackwray alichimba katika kiwanja chake mwenyewe.

Kesi hiyo iliwafunza kwamba haki isiyo na mlinzi inaweza kupotea, na mwaka 1841 Bunge likapitisha sheria iliyouwezesha mji kuwa na makamishna 21 wa kusimamia visima na maendeleo ya mji. Hiyo ndiyo serikali ya kwanza ya Harrogate. Miji mingine ilipata serikali zake kwa sababu ya soko, bandari au kiwanda. Huu uliipata kwa sababu watu walihofia kunyang'anywa maji. Kazi kubwa ya kwanza ya makamishna ilikuwa kujenga Royal Pump Room juu ya Kisima cha Kale, jengo la pembe nane lililofunguliwa mwaka 1842, ambamo wageni walilipa ili wapewe bilauri ya maji wakiwa wamekingwa na mvua na upepo. Paa la zamani lenye nguzo, lililokuwa limekifunika kisima hicho, halikutupwa. Lilihamishiwa kule juu kwenye kisima cha Tewit, ambako lipo mpaka leo.

Hapa ndipo ninapoona makala yenu iliwapunja wasomaji. Mwandishi alieleza kwa furaha jinsi waheshimiwa walivyokaa ndani ya Pump Room wakisikiliza muziki, lakini hakutaja kwamba nje ya jengo hilo palikuwa na bomba la maji yale yale ya salfa, kwa ajili ya mtu yeyote asiyeweza kulipa au asiyetaka kulipa. Halikuwa sadaka ya mtu. Makamishna walikuwa wakitimiza haki ambayo tayari ilikuwa ya watu. Wala hakumtaja Betty Lupton, mwanamke aliyewagawia watu maji kisimani kwa miongo mingi kabla jengo halijasimama, na ambaye watu walimwita Malkia wa Visima. Alifariki mwaka 1843, mwaka mmoja tu baada ya jengo kufunguliwa. Katika mji uliopokea malkia wengi wa kweli, huyo ndiye ambaye mimi ningependa wasomaji wenu wamfahamu kwanza.

Yaliyofuata mliyaeleza vya kutosha, nami nitayapitia upesi. Reli ilileta wageni kwa wingi kuanzia miaka ya 1840, mji ukapata hadhi ya manispaa mwaka 1884, na mwaka 1897 ukafungua Royal Baths, nyumba ya tiba za maji ambayo hamamu yake ya Kituruki, yenye kuta za matofali ya rangi na matao ya mtindo wa Kiarabu, inaendelea kupokea watu hadi sasa. Mwaka 1903 ukajengwa ukumbi wa muziki ulioitwa Kursaal, jina la Kijerumani ambalo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza lilibadilishwa kuwa Royal Hall. Naongeza jambo moja tu, kwamba nyumba hiyo ya tiba ilikuwa mradi wa manispaa yenyewe, tena mradi mkubwa ambao mji mdogo wa wakati huo ungeweza kabisa kuuogopa.

Stray nayo haikulindwa mara moja ikaachwa. Mwaka 1893 ilipitishwa sheria nyingine, na manispaa ikapata mamlaka ya kuisimamia huku haki za malisho za zamani zikikoma. Miaka ya 1930 halmashauri ilipoanza kupanda maua na kutengeneza vitalu juu ya uwanda huo, wakazi walipinga vikali na kuunda chama cha kuutetea, wakidai kwamba hata ua zuri ni kizuizi likiwekwa mahali ambapo sheria imesema pabaki wazi. Huenda msomaji akaona wale watu walikuwa wakaidi. Mimi nawaelewa, kwa sababu kitalu cha maua hufuatwa na uzio wa kukilinda, na baada ya uzio huja lango na mtu wa kulifunga. Sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 1985. Inaruhusu shughuli kufanyika kwa muda na kwa mipaka maalumu, na mjadala wake haujaisha: mwaka 2019, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika hapa katika mvua isiyokatika, sehemu ya Stray iliyo karibu na katikati ya mji iligeuka kuwa tope, na ilichukua miezi mingi kabla nyasi hazijarudi. Nilipita hapo asubuhi baada ya mashindano, na wazee waliosimama pembeni wakitazama walikuwa kimya kama watu waliofika msibani.

Tiba ya maji yenyewe ilififia baada ya Huduma ya Taifa ya Afya kuanzishwa mwaka 1948, na matibabu katika Royal Baths yakakoma mwaka 1969. Miji mingine ya chemchemi ilidorora kwa hali kama hiyo. Harrogate iligeukia mikutano na maonyesho ya biashara, na jumba lake la mikutano lilipokuwa jipya kabisa, mwaka 1982, ndimo yalimofanyika mashindano ya nyimbo ya Eurovision. Mwaka 2020 jumba hilo hilo liligeuzwa kuwa hospitali ya dharura ya wagonjwa wa korona.

Jambo la mwisho, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu, ni kwamba makala yenu ilisema Harrogate inajitawala kama ilivyokuwa tangu enzi za Malkia Victoria. Hali haiko hivyo. Mwaka 1974 manispaa iliunganishwa na jirani zake, Knaresborough na Ripon, kuwa wilaya moja kubwa, na tarehe 1 Aprili 2023 halmashauri hiyo ya wilaya nayo ikavunjwa, kazi zake zikachukuliwa na Halmashauri ya North Yorkshire, yenye makao yake Northallerton na inayohudumia eneo kubwa mno la mashamba, milima na pwani. Kwa miaka miwili mji ulioanza kujitawala kwa sababu ya kisima haukuwa na halmashauri yake hata moja. Mwezi Mei 2025 wakazi walichagua madiwani wa halmashauri mpya ya mji, ambayo mamlaka yake ni madogo sana ikilinganishwa na ya manispaa ya zamani.

Sina nia ya kuwalaumu watumishi wa Northallerton. Msimamo wangu ni kwamba usimamizi wa kila siku wa Stray na visima ungepaswa kukabidhiwa halmashauri hii mpya, pamoja na fedha za kuutekeleza, kwa kuwa anayeamua kama lori la maonyesho lipite juu ya nyasi siku ya mvua anapaswa kuwa mtu ambaye kesho yake atakutana na wapita njia papo hapo kwenye nyasi. Najua wapo majirani zangu wasiokubaliana nami, wanaoona kwamba halmashauri ndogo haitamudu gharama, na hoja yao nzito ningependa ijibiwe kwa hesabu zilizo wazi mbele ya wakazi kabla uamuzi haujafanywa.

Mhariri, iwapo mtamtuma tena mwandishi huku, namwomba asianzie hotelini. Ashuke garimoshi, avuke Stray kwa miguu mpaka kisima cha Tewit, kisha ateremke bondeni hadi Royal Pump Room, ambayo tangu mwaka 1953 ni makumbusho, na kabla ya kukata tiketi ya kuingia ndani alizunguke jengo na kulitafuta bomba lililo nje.

Wako msomaji wa miaka mingi,
Harrogate, Uingereza