Kuku, mbwa na paka katika ua mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wanaoanza kufuga kuku wa kienyeji huku wakiwa na mbwa na paka nyumbani. Niliponunua matetea matano na jogoo, nilidhani adui wao ni kicheche na mwewe tu. Tetea wa kwanza alipoangua, baada ya kuatamia siku 21, paka wetu, ambaye watoto humlisha kwa mkono, alibeba vifaranga wawili kabla sijamaliza chai. Mbwa hakumgusa kuku hata mmoja, ila alikula mayai; nilimgundua kwa ute uliokaukia kwenye ndevu zake.

Sasa vifaranga hukaa katika tenga lililofunikwa kwa wavu mpaka waote manyoya, na viota nimevipandisha juu.

Hata hivyo, mdondo, ugonjwa wa virusi unaoua kuku kwa wingi, ni hatari kuliko paka yeyote. Chanjo ya matone ya jicho, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi 3, huuzwa katika vichupa vya dozi nyingi, nasi wenye kuku sita hulazimika kumwaga inayobaki. Nawaomba maofisa ugani watupangie siku moja ya chanjo kwa kila mtaa, ili majirani tuchangie kichupa.

Mfugaji mgeni,
Morogoro