Salamu za Krismasi kutoka Rungwe, na ile elfu ishirini niliyoirudisha

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu hamjambo, na rika langu mambo vipi. Nawasalimu kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo, na majirani zetu waislamu asalaam aleykum, maana huku kwetu Idi tunakula kwenu na Krismasi mnakula kwetu. Wa Iringa na Njombe kamwene. Wa nyumbani Rungwe, ndaga fijo kwa yote mliyotufanyia mwaka huu tulipokua na msiba.

Niko jikoni naandika, mvua imeshika tangu mchana, kuni mbichi moshi mtupu, ndizi za mbalaga zimeshamenywa ziko kwenye beseni. Watoto wa dada wameingia jana usiku na basi la Dar, wanasema pale Isyonje ukungu ulikua mzito mpaka gari linatambaa kama linasukumwa. Wamefika salama, Mungu ni mwema.

Sasa kuna jambo nimekaa nalo majilio yote, naomba mnivumilie nilitoe. Jumapili moja tulisomewa Luka sura ya 3, Yohana Mbatizaji. Hilo somo nimelisikia toka nikiwa mtoto wa sunday school ila safari hii lilinishika vibaya. Watoza ushuru wanamwendea wanamuuliza na sisi tufanyeje, na hawa watu walikua hawapendwi kabisa maana walikua wanakusanya kodi ya Warumi na wanajiongezea juu yake. Yohana hakuwaambia waache kazi, wala hakuwaambia waende jangwani wakale nzige kama yeye, aliwaambia tu msitoze zaidi ya mlichoamriwa. Askari nao wakauliza, akawaambia wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, na mshahara wao uwatoshe. Yani rudi kwenye meza yako, kaa kiti kile kile ulichokua umekalia jana, ila kuanzia leo mkono uwe msafi. Na msidhani aliwasema wadogo tu akaogopa wakubwa, Herode mwenyewe alimwambia maovu yake na ndo akafungwa gerezani.

Nilivyotoka kanisani siku hiyo sikuongea na mtu njia nzima, kwa sababu nina kitu changu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikua mjumbe kwenye kura za maoni za udiwani, chama sitaji na mtu simtaji. Usiku wa kuamkia kupiga kura alikuja kijana nyumbani, akakaa pale kwenye kigoda, akanipa kitenge na elfu ishirini ndani ya bahasha ya kaki, akasema mama hii ni ya sabuni tu. Nikapokea. Sikujiona nimefanya kosa, wenzangu wote walipokea, na tulikua na jina zuri la kuliitia, takrima. Si mnakumbuka, sheria ilibadilishwa mwaka 2000 takrima ikaruhusiwa kwenye uchaguzi, Mahakama Kuu ikaja kuifuta 2006 ikasema ni kinyume na katiba. Kwenye karatasi ilifutwa, kwenye vigoda vyetu iliendelea kukaa. Tunayo na misemo ya kuipakia mafuta, penye udhia penyeza rupia, mkono mtupu haulambwi.

Mtu wetu akashinda. Kalavati la pale mtoni aliloahidi halikujengwa. Kwa wasiopajua, ndo njia ya akina mama wanaopeleka maziwa kituoni asubuhi, mvua zikikolea kama hizi maji yanapita juu, unasimama na keni yako kichwani unasubiri yapungue, ukifika saa nne maziwa yanapimwa yanaonekana yameshaanza kuharibika, unarudi nayo nyumbani yote. Mwaka ule wa pili nikamfuata. Nikamkuta anatoka kwenye kikao, nikamuuliza kwa heshima, baba lile kalavati letu vipi. Akaniangalia akatabasamu, akasema, "Mama, mbona sisi tulishamalizana?"

Hakunitukana, na alisema ukweli wake, tulishamalizana kwa elfu ishirini. Nilirudi nyumbani nimenyamaza na tangu siku hiyo sikuwahi kusimama kwenye mkutano wa kijiji kuuliza chochote. Watu wanaona rushwa inaiba hela tu, mi niliona imenichukulia mdomo.

Marehemu baba alikuwepo uwanja wa Sokoine pale Mbeya Mei Mosi ya 1995 Mwalimu Nyerere alipohutubia, akaisema rushwa mchana kweupe mbele ya wakubwa, na baba alituhadithia hiyo siku mpaka anaingia kaburini. Alikua mtu wa TANU yule, ahadi za chama alikua nazo kichwani kama Baba Yetu, rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa, cheo ni dhamana. Alikua anasema mwaka 1963 ilitungwa sheria ya mla rushwa kuchapwa viboko akiingia jela na akitoka tena achapwe. Na Azimio la Arusha la 1967 liliweka miiko, kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Miiko ile ililegezwa na Azimio la Zanzibar 1991, na baba mpaka leo angekua hai angekua anailalamikia. Mimi naona sheria kali zinahitajika kweli, na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wapo, namba yao 113 ni ya bure, tuitumie jamani. Ila yule kijana alipokuja na bahasha usiku hakukua na askari wala kamera, nilikua mimi na Mungu na koroboi.

Shehe wa pale stendi, tunaheshimiana sana, nilimuuliza kwenu mnafundishwaje. Akaniambia kwao laana ya rushwa iko kwa anayetoa na anayepokea, wote wawili. Sisi tumezoea kumlaani anayepokea ofisini, anayetoa tunamwita mjanja.

Sasa ndo nikamkumbuka Zakayo. Alivyoshuka kwenye mkuyu hakusema nisamehe Bwana akaishia hapo, alipiga hesabu, nusu ya mali kwa maskini na kila niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Nikapiga na mimi. Elfu ishirini mara nne, elfu themanini. Kitenge kilishachakaa, sikujua nikihesabuje. Yule kijana alishahama, ningemrudishia nani, nikachukua pesa ya maziwa ya Novemba nikaipeleka kwa kamati ya kalavati iliyoundwa mwaka huu, nikaandikiwa risiti. Jumatano nikawaambia akina mama kwenye kikundi chetu hiyo hela imetoka wapi, yote kama nilivyowaandikia hapa.

Palikua kimya. Alafu bibi mmoja, mzee kabisa, ambaye hata kusimama anashikwa mkono, akafungua pindo la kanga yake taratibu, lilikua na fundo gumu, akahangaika nalo kwa meno, akatoa elfu tano imekunjwa ndogo kama kidonge. Akaiweka mezani akasema, "Na mimi nilichukua." Wakafuata na wengine. Sitawataja. Tulilia siku ile, kusema ukweli.

Kwa wenzangu wa makanisani, na hili nasema kwa upendo, tuangalie na harambee zetu. Mheshimiwa akija na milioni tunampa kiti cha mbele na kipaza sauti, hatumuulizi mshahara wake na hiyo milioni vinaendana vipi, tunampigia vigelegele, ila mjane aliyetoa mia tano hata hatajwi. Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Israeli yote akauliza, ng'ombe wa nani nimemchukua, punda wa nani, nani nimepokea rushwa mkononi mwake nikafumba macho, semeni nimrudishie. Na watu wakajibu hukutudhulumu. Nawaombea viongozi wetu wote, wa kitongoji mpaka wa taifa, mwisho kama huo. Wiki hii hii ndo viongozi wa umma wanatakiwa wawe wamepeleka tamko la mali na madeni Sekretarieti ya Maadili, mwisho Desemba 31 kila mwaka, kwa hiyo wakati sisi tunakula pilau kuna mtu mahali amekaa na hiyo fomu na kalamu. Mkiomba usiku wa leo muombeeni aandike kweli.

Basi Krismasi njema wapendwa, na mwaka mpya wenye mvua za kiasi. Desemba 26 saa moja asubuhi tunaanza kusomba mawe ya kalavati, simenti mifuko kumi na mbili ipo kwa mwenyekiti. Mliokuja likizo njooni na makoleo na mabuti, uji na viazi tutapika sisi.