Barua ya wazi kwa madereva wa malori: Kwa nini hukulala Voi?

Wanangu mnaopakia bandari ya Kilindini, Mombasa, na kwenda kushusha Nairobi, Malaba mpakani na Uganda, Kampala na kwingineko,

Nawaandikia kutoka Mariakani. Malori yenu yakipanga foleni ya mizani ya kupimia mizigo, mimi nimeketi hapa kando ninayasikiliza, na hata nikifumba macho naweza kuwaambia lipi limebeba simiti na lipi linarudi tupu. Niliendesha trela miaka ishirini na miwili. Leo nina jambo moja tu la kuwaambia, usingizi ukija egesheni mlale, ila nitaanza na lililonifika, maana sikulijua kwa kusoma.

Mwaka 1996 niliua kijana. Alikuwa taniboi wangu, yaani msaidizi wa lori, ana miaka kumi na tisa, amekaa kushoto kwangu, leso ya mamake kaifunga shingoni kwa sababu ya baridi ya usiku. Asubuhi ya siku ile tulikuwa tumeingia Mombasa tukitokea Malaba. Tukashinda bandarini tukisogea hatua kwa hatua, na saa nne usiku kontena lilipopanda juu ya trela, tajiri mwenye lori akaniambia mzigo unatakiwa Nairobi kabla ya saa sita mchana. Nikasema sawa. Sote hatujui kusema lingine mbele ya tajiri.

Voi, mji ulio njiani kwenda Nairobi, tulifika saa nane usiku. Taa za mikahawa zinawaka, malori yameegeshwa, wenzetu wamelala. Yule kijana akanigeukia akasema, "Baba, tulale hapa. Unapiga miayo tangu Maungu." Nikamwambia tutalala Mtito Andei, huko mbele. Nikashusha kioo upepo unipige usoni, nikaongeza miraa shavuni, nikapita.

Kusinzia kwenyewe sikukumbuki. Nakumbuka matawi. Mbele ya Manyani palikuwa na lori limeharibika, na wenyewe walikuwa wametandaza matawi ya miti barabarani kuwaonya wanaokuja, kama tunavyofanya siku zote. Nilipofumbua macho, matawi yalikuwa yanavunjika chini ya tairi zangu.

Mahakamani nilijitetea kwamba usingizi ulinipitia, na aliyelala hajui atendalo. Hakimu alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Kwa nini hukulala Voi?" Sikuwa na jibu, wala sina hadi leo. Nilifungwa miaka miwili.

Jela nilimpata wakili mmoja aliyekuwa akija kuwasaidia mahabusu, akanieleza kwamba swali lile lina umri mkubwa kuliko wangu. Sheria yetu ya makosa ya barabarani ina mizizi Uingereza, na huko mwaka 1945 iliamuliwa kesi ya Kay na Butterworth. Mtu alikesha zamu ya usiku kiwandani, asubuhi akawa anarudi nyumbani kwa gari lake, usingizi ukamshinda, akawaparamia askari waliokuwa wakitembea kwa kikosi barabarani. Naye alisema aliyelala halaumiwi. Mahakama ikasema kweli, kwa alilolitenda akiwa usingizini hangelaumiwa, lakini kabla ya kulala alihisi usingizi unakuja, na wakati huo alikuwa na akili zake na wajibu wa kusimama. Hakusimama, na hapo ndipo penye kosa.

Ndipo nikaelewa. Muda wote nilikuwa nikililia lile tukio la Manyani, kumbe kosa nililitenda Voi, macho wazi, mkono kwenye gia, na mtoto wa watu ananiambia tulale.

Wanangu, usingizi haumvamii mtu kama jambazi. Hupiga hodi. Unapiga miayo, macho yanawasha, unasahau kama umeshapita mji fulani au bado, gari linagusa ukingo wa lami unalirudisha kwa kushtuka. Ukishtuka hivyo, jua umeshalala mara moja. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukata mita 22 kila sekunde. Sinzia sekunde nne tu, trela limekwenda karibu mita 90 bila dereva. Mwaka 1997 watafiti walipima wakaona mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huwa mzito wa mkono na wa akili kama aliyekwisha kunywa pombe. Polisi wana kifaa cha kupima pombe. Cha kupima usingizi hawana, kwa hiyo mpimaji ni wewe mwenyewe, na ukidanganya hakuna wa kukukamata mpaka ufike kwenye matawi. Miraa nayo nimeitafuna miaka mingi, siwafichi. Huzuia kope zisifunge, lakini akili huwa imeshalala zamani, na ikiisha nguvu usingizi unakuja na deni lake lote kwa mara moja.

Enzi zangu sheria haikutuwekea saa. Nyinyi mnayo. Mwaka 2012 Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura 403, iliongezwa kifungu cha 66A: dereva wa gari la abiria au la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 kwa jumla ndani ya saa 24. Kifungu hicho kinamshika pia anayemtuma au kumruhusu dereva kuzidisha. Sasa pigeni hesabu. Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Ukiwa na mzigo, ukitoa milima, mizani na foleni, ukienda wastani wa kilomita 50 kwa saa umefanya vizuri. Saa nane ni kilomita 400. Kwa hiyo Malaba ni siku ya tatu. Tajiri anayekwambia ufike kesho amekwambia uvunje sheria, hata kama hakulitaja neno hilo.

Na msidhani foleni ni mapumziko. Usiku mzima wa kusogeza lori mita mbili mbili pale mpakani unaweza kuuona si wa kuendesha, lakini mwili unauhesabu wote.

Najua mtanijibu nini. "Mzee, nikikataa, kesho lori anapewa mwingine." Ni kweli, na njaa ya watoto si jambo la kubeza. Lakini lijueni hili: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiri nafasi ya kumfukuza anayekataa amri halali. Amri ya kuendesha saa 14 si halali. Na kila siku saba una haki ya siku moja ya kupumzika, isiyokuwa zawadi ya mtu.

Kosa langu la pili nalo sitaki mlirudie. Polisi waliponiandikisha taarifa nilisema nimechoka, sikusema nani alinichosha. Tajiri alikuwa ameniahidi kuleta wakili endapo ningemwacha nje ya maneno yangu. Wakili hakuja. Ile nusu ya ukweli niliyoitoa ndiyo iliyonifunga, na ile nusu niliyoificha ndiyo iliyomwacha yeye alale kwake. Fidia ya familia ya marehemu kwa kawaida humfikia mwenye gari na bima yake, maana dereva alikuwa kazini kwake. Jela ni ya dereva. Kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, kifungu cha 46, kunaweza kukupeleka miaka 10 ndani, na hakuna bima inayokwenda kukulalia huko.

Basi wekeni ushahidi mkiwa bado wazima. Tajiri akikupigia simu kukuhimiza, mjibu kwa maandishi: "Nimeendesha saa nane, nimeegesha Voi, nitaondoka asubuhi." Ujumbe wa simu hupokewa mahakamani ukitolewa kwa utaratibu wake, kwa hiyo usiufute. Nunua daftari la shilingi chache, andika umeondoka saa ngapi na umesimama wapi. Ikitokea ajali ukakamatwa, usiandikishe maelezo kabla ya kuzungumza na wakili, Katiba inakupa haki hiyo. Ukiandikisha, sema yote, pamoja na simu ya saa nne usiku.

Na tafadhalini, msimpe taniboi usukani ili mlale. Kama hana leseni ya trela, mmeongeza kosa juu ya kosa, bima inaweza kukataa kulipa, na huyo kijana hana hata uzoefu wa kukutazama machoni akajua umechoka. Wangu alikuwa nao. Aliniambia.

Mahali pa kulala pako, wanangu. Voi pako, Mtito pako, na Makindu, pale hekalu la Masingasinga, msafiri wa dini yoyote hupewa chakula na malazi bila kuulizwa anakotoka. Nimelala pale mara nyingi baada ya kutoka jela, nilipokuwa siendeshi tena, nikisafiri kwa basi kwenda kumwona mama wa yule kijana. Alinipokea. Mara ya kwanza aliniuliza kama mwanawe alisema chochote kabla ya kufa. Nikamwambia alisema tulale Voi.

Kila Jumatano baada ya alasiri huwa niko nje ya kinyozi, upande wa pili wa barabara kutoka mizani. Aliyefukuzwa kazi kwa sababu aliegesha akalala, aje na daftari lake na jumbe zake. Nitampandisha matatu kwa nauli yangu, twende pamoja ofisi ya leba.

Mzee wenu, dereva mstaafu,
Mariakani